Wodi Ianze na Mgonjwa Aliyelala: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Mkoa na Jiji la Tanga

KWA: Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga, Mstahiki Meya na Waheshimiwa Madiwani wa Jiji la Tanga, Mkurugenzi wa Jiji, na wahandisi na wabunifu majengo wa halmashauri zote za mkoa.

YAH: OMBI LA KUANGALIA UPYA NAMNA TUNAVYOJENGA WODI NA MADARASA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Chumbageni. Karibu maisha yangu yote ya kazi yamepita wodini, humu humu mkoani, na majengo ya afya nimeyajua kwa upande ambao mchoro hauonyeshi. Najua kitanda kipi kinachomwa na jua la saa kumi. Najua dirisha lipi halifunguliwi kwa sababu kabati la dawa limeliziba. Najua wanapokaa ndugu wa mgonjwa wakingoja saa ya kuona wagonjwa, na wanapokimbilia mvua ikianza.

Ombi langu ni moja. Kabla halijamwagwa zege la wodi nyingine, zahanati nyingine au darasa jingine katika mkoa huu, mchoro wake uanze na mtu atakayelala au kukaa humo, na uwanja ambao jengo litasimama. Siku hizi unaanza na faili.

Sibezi kazi iliyofanyika. Miaka ya karibuni tumejengewa vituo vya afya vyenye chumba cha upasuaji mahali ambapo zamani mjamzito mwenye uchungu pingamizi alipakiwa kwenye baiskeli na kusukumwa hadi barabara kuu, na wengine hawakufika. Nimewahi kuwapokea waliofika wamechelewa. Kwa hiyo kila ninapoona jengo jipya la uzazi moyo wangu unafurahi, na kwa sababu hiyohiyo naumia likijengwa kwa namna inayomtesa aliyelala ndani.

Majengo hayo mengi yanatoka kwenye ramani ya mfano inayoletwa kutoka TAMISEMI, ikiwa na vipimo na orodha ya vifaa. Faida zake nazielewa: kazi inakwenda haraka, mkaguzi anajua cha kukagua, na fedha haziliwi kirahisi. Hasara yake utaiona ukipanda gari asubuhi hapa mjini ukashuka Lushoto mchana. Lushoto iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Julai watu wanavaa makoti na kuota moto. Sisi huku tuko ufukweni, na usiku wa Februari mtu analala akigeuza mto kutafuta upande uliopoa. Wodi ni ileile, dirisha lilelile, dari ileile. Kule inawagandisha watu, huku inawapika.

Niruhusuni nieleze kituo kimoja nilichofanyia kazi, ambacho sitakitaja. Ukuta wake mrefu umetazama magharibi. Madirisha ni ya aluminiamu, yale ya kusukuma, yenye vioo viwili vinavyopishana kwenye reli. Dirisha la namna hiyo hata ukilifungua lote, nusu ya uwazi bado imezibwa na kioo. Nusu iliyobaki ina wavu wa mbu, na wavu ukikaa miezi michache bila kuoshwa unashika vumbi mpaka unakuwa kama kitambaa. Upepo unaofika kitandani baada ya hapo ni wa kubahatisha. Juu kuna dari ya jipsamu, na katikati ya dari taa ya tyubu nyeupe kali. Mama aliyefanyiwa upasuaji analala chali, hawezi kujigeuza, na kitu pekee anachokiona kutwa kucha ni ile taa. Nimeona kina mama wakijifunika kanga usoni usiku kucha, na mwenzangu wa zamu akidhani wanalia.

Uwanjani palikuwa na mkungu mpana na miembe. Ndugu walikuwa wakitandika mikeka chini yake, wakipakua uji, wakinyonyesha, wakiswali. Siku ya kusafisha eneo tingatinga liliangusha miti yote asubuhi moja, kisha pakatandazwa vitofali vya pevingi. Tangu hapo ndugu wanafuata uvuli wa ukuta: asubuhi wako upande wa magharibi, jioni upande wa mashariki, na saa sita hawana pa kwenda. Mti uliochukua miaka mingi kukua haukuwa na mstari hata mmoja kwenye ramani. Ramani ilichorwa kana kwamba uwanja ulikuwa mtupu.

Binti wa dada yangu anasomea ubunifu majengo Chuo Kikuu Ardhi. Nilipomweleza haya alinionyesha picha na michoro ya hospitali ya Paimio, huko Ufini. Nataka niwaeleze habari za hospitali hiyo, maana sijapata kuona jengo lililomfikiria mgonjwa kiasi kile.

Paimio ilijengwa kuwa hospitali ya kifua kikuu, na waliobuni ni ofisi ya mume na mke: Alvar Aalto na Aino Marsio-Aalto, wote wawili wabunifu majengo, waliooana mwaka 1924. Kazi waliipata kwa kushinda shindano mwaka 1929, na hospitali ikafunguliwa mwaka 1933. Kumbukeni kwamba wakati huo kifua kikuu hakikuwa na dawa. Streptomaisini ilikuja kugunduliwa mwaka 1943. Mgonjwa alitibiwa kwa hewa safi, jua, chakula na mapumziko ya miezi, pengine miaka. Basi jengo lenyewe lilipaswa kufanya sehemu ya tiba, na wale wawili walilichukulia hivyo.

Kwa nje ni jengo la kisasa kabisa kwa enzi yake: zege, kuta nyeupe, mistari iliyonyooka, madirisha mapana. Hakuna urembo wa kizamani hata kidogo. Lakini ukiingia chumbani unakuta kila kitu kimepangwa na mtu aliyejiuliza, nikilala hapa chali nitaona nini, nitasikia nini, nitahisi nini? Dari imepakwa rangi ya kijani iliyotulia, kwa sababu dari ndiyo mandhari ya aliyelala. Taa imewekwa mahali ambapo haimpigi mgonjwa machoni. Joto limeelekezwa miguuni, siyo kichwani. Kila chumba kilikuwa cha wagonjwa wawili, na kila mmoja alikuwa na sinki lake, lililochongwa kwa mteremko ambao maji yanaufikia kwa pembe kali na kuteleza bila kelele, ili mmoja akinawa usiku mwenzake asiamke. Muuguzi yeyote aliyewahi kufungua bomba saa nane za usiku kwenye wodi iliyojaa ataelewa kwa nini jambo hilo limenigusa. Hata vitasa vya milango vimekunjwa visinase mikono ya makoti ya madaktari.

Halafu kuna kiti. Wakati ule wabunifu wengi wa kisasa Ulaya walikuwa wakitengeneza viti vya mabomba ya chuma. Hawa waliona chuma ni baridi kwa ngozi ya mgonjwa na kinang'aa machoni. Wakachukua mbao za mti wa kwao, unaoitwa betula, wakazipinda kwa tabaka, wakapata kiti kizima kisicho na chuma, chenye mgongo uliolazwa kwa pembe inayomsaidia mwenye kifua kibovu kupumua. Kiti hicho bado kinatengenezwa mpaka leo.

Na msitu hawakuufyeka. Hospitali imesimama katikati ya misonobari, mabawa yake yakiwa yametawanyika kila moja kwa mahitaji yake: bawa la wagonjwa limegeuzwa kulipokea jua, na mwishoni mwake palikuwa na roshani ambako wagonjwa walilazwa nje, usawa wa vilele vya miti. Dawa zilipopatikana roshani zile hazikuhitajika tena, na Paimio ikageuzwa hospitali ya kawaida.

Naomba nimtaje Aino kwa jina lake, kwa sababu kwa muda mrefu sifa zote zilikwenda kwa mumewe. Bilauri alizobuni mwaka 1932, zenye duara ndani ya duara mithili ya maji yaliyotupiwa jiwe, zinauzwa hadi sasa. Mwaka 1935 yeye na mumewe pamoja na wenzao wawili walianzisha kampuni ya Artek ya kuuza samani hizo, na tangu mwaka 1941 Aino ndiye aliyeiongoza mpaka alipofariki mwaka 1949. Naisema habari hii kwenu kwa makusudi. Katika vikao vya ujenzi nilivyowahi kuhudhuria, wauguzi wanawake tulikaa nyuma, tukaulizwa mwishoni kama tuna la kuongeza, wakati msingi umeshachimbwa.

Najua litakalosemwa: Ufini ni nchi ya theluji, wao wanalitafuta jua, sisi tunalikimbia. Ni kweli, na ndiyo sababu siombi tujenge Paimio Tanga. Naomba tuulize maswali waliyoyauliza, na majibu tuyatoe hapa. Tuko kama nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Saa sita jua linakuwa karibu juu ya utosi, likilalia kidogo kaskazini katikati ya mwaka na kusini mwezi wa Desemba. Kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini au kusini unakingwa kwa urahisi na upenu mpana. Ukuta unaotazama magharibi haukingiki kwa upenu, maana jua la jioni linaingia chini yake moja kwa moja. Tena pepo zetu zinajulikana na kila mvuvi wa Sahare: kusi inavuma kutoka kusini, kaskazi kutoka kaskazini mashariki. Jengo lililolazwa kutoka mashariki kwenda magharibi, lenye madirisha kaskazini na kusini, linakwepa jua na kupata pepo zote mbili. Kuligeuza jengo kwenye kiwanja wakati bado ni karatasi hakuna gharama yoyote. Likishasimama, gharama yake ni viyoyozi na token za LUKU miaka yote.

Katika Afrika walikuwapo mume na mke wengine, Maxwell Fry na Jane Drew, Waingereza waliooana mwaka 1942, waliojenga shule nyingi Ghana na Chuo Kikuu cha Ibadan, Nigeria. Waliajiriwa na serikali ya mkoloni, na hilo halifichiki, ila walijifunza kujenga kwa zege linalopumua: kuta za matofali ya matundu, vyumba vyembamba vinavyopitisha upepo toka upande hadi upande, uvuli kila mahali. Na Mtanzania mwenzetu Beda Amuli, alipobuni Soko la Kariakoo miaka ya 1970, alilifunika kwa miamvuli mikubwa ya zege inayokinga jua na kukusanya maji ya mvua. Nani atasema soko lile halikuwa la kisasa?

Hapa kwetu wala hatuhitaji kwenda mbali. Nendeni Bombo mkalitazame lile jengo kongwe la Wajerumani linaloitwa Cliff Block, lililo juu ya bahari. Halikujengwa kwa kuwapenda babu zetu. Lakini tazameni varanda zake pana, dari zake za juu, kuta nene, na jinsi linavyoupokea upepo wa bahari. Kisha nendeni Ngamiani mtazame nyumba za zamani na baraza zake, mahali pa kukaa nje bila kukaa juani. Ujuzi huo umekuwapo Tanga muda wote. Tumeuacha tulipoanza kuamini kwamba jengo la maendeleo ni lazima liwe na vioo vingi na bati la rangi kali.

Jambo la mbao nalo linanikera. Wafini wanajulikana Tanga. Miaka ya 1970 na 1980 walisaidia kiwanda cha mbao cha hapa mjini kilichokuwa kikivuna magogo Usambara Mashariki, mpaka wanasayansi wakapiga kelele kwamba msitu unaisha. Baadaye nchi hiyohiyo ikasaidia kuuhifadhi msitu huo, na mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Kwa hiyo siombi mti wowote wa Amani uguswe. Lakini Muheza pale kuna shamba la serikali la mitiki, Longuza, lililopandwa kwa ajili ya kuvunwa. Mbao zake zinapigwa mnada na nyingine zinakwenda nje ya nchi, huku wodi zetu zikiwekewa mabenchi ya chuma ambayo saa saba mchana hayakaliki. VETA Tanga wanafundisha useremala. Kwa nini mabenchi, vipandio na luva za mbao za zahanati za mkoa huu zisitengenezwe na vijana wale, kwa mtiki wa Longuza? Hawa akina Aalto walijenga nyumba moja, Villa Mairea, iliyokamilika mwaka 1939, ambamo nguzo za chuma zilivishwa fito za henzirani ili mkono wa mtu ukishika ushike kitu chenye uhai. Sisi ndio mkoa wa mkonge tangu ulipoletwa mwaka 1893. Kamba ya katani kwenye kishikio cha ngazi ya shule au ofisi ya kata ingetosha kabisa. (Wodini hapana, kamba inashika vumbi na damu, na haisuguliki kwa klorini.)

Mtaniambia fedha hazitoshi. Ninayoyaomba mengi ni ya bei ileile au pungufu. Luva za vioo au za mbao zinafunguka karibu uwazi wote na hazizidi sana aluminiamu kwa bei. Taa kuhamishwa kutoka katikati ya dari kwenda ukutani nyuma ya kichwa cha kitanda ni suala la waya wa mita chache. Rangi ya dari ni rangi tu. Ndoo ya kijani na ndoo ya nyeupe zote zinauzwa dukani. Kuacha mkungu usimame ni bure. Mtaniambia pia habari za mbu na wezi. Wavu wa mbu uwekwe kwenye fremu inayotoka, ili mhudumu auoshe kila mwezi, na nondo za dirisha zibaki palepale. Wizi haujawahi kuzuiwa kwa kuwanyima wagonjwa hewa.

Na hewa si starehe. Katika orodha yake ya mwaka 2021 hadi 2025, Shirika la Afya Duniani liliiweka Tanzania katika nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Ugonjwa huo unaenezwa kwa hewa, na chumba kinachopitisha upepo kinapunguza hatari kwa mgonjwa wa kitanda cha pili, kwa mama aliyekuja kumwangalia, na kwa muuguzi. Nimewazika wenzangu waliougua baada ya miaka ya kazi katika vyumba vilivyofungwa. Dirisha linalofunguka nusu ni jambo la uhai.

Basi naomba haya. Mkurugenzi wa Jiji aagize kwamba hakuna mchoro wa jengo la umma utakaopitishwa bila kuonyesha miti iliyopo kiwanjani, jua la jioni linatokea wapi na kusi inaingilia wapi. Mti ukikatwa, sababu iandikwe na aliyekubali atie saini. Ramani ya mfano itumike kwa vipimo na vifaa, lakini mhandisi wa halmashauri apewe ruhusa ya kuigeuza, kupanua upenu na kubadili madirisha kulingana na mahali, Pangani kivyake na Lushoto kivyake. Kama ruhusa hiyo lazima itoke juu, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa aiombe kwa maandishi. Kila wodi iwe na baraza pana lililoezekwa kwa ajili ya ndugu, lihesabiwe kama sehemu ya jengo tangu kwenye makadirio. Na katika kamati ya kila ujenzi wa afya akae muuguzi wa zamu ya usiku, tangu siku ya kuchagua kiwanja.

La mwisho ni shindano. Paimio ilipatikana kwa shindano, na walioshinda walikuwa vijana. Alvar alikuwa na umri wa miaka 30. Jiji litangaze shindano la mchoro wa wodi moja ya uzazi ya Tanga, lifunguliwe kwa wabunifu vijana waliosajiliwa na wanafunzi wa Ardhi, wake kwa waume, na mume na mke wakitaka kuingia pamoja waingie pamoja, majina yote mawili yaandikwe. Waje walale kwenye kitanda cha wodi iliyopo, mchana mmoja wa Februari, kabla ya kuchora. Wodi moja tu ijengwe kwa mchoro utakaoshinda, ipimwe joto lake mwaka mzima pembeni ya wodi ya ramani ya kawaida, na matokeo yasomwe kwenye Baraza la Madiwani hadharani.

Naomba nipewe nafasi mbele ya kamati yenu ya mipango miji na mazingira katika kikao kijacho. Wauguzi wastaafu wenzangu wa Makorora, Pongwe na Raskazone wamekubali kuja nami, na kila mmoja atakuja na wodi yake ya kueleza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu,
Chumbageni, Tanga